Kitu Kimoja cha Mtani

Yuliana alikuwa na mimba, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye na daktari. Ngoja niwaeleze vizuri ili mjue uzito wake. Miaka minane ya ndoa, miaka minane ya kuulizwa "vipi, bado?" na watu ambao hata kijiko cha sukari hawajawahi kumwazima. Tena huyu ni mwanamke mwenye saluni ya nywele pale Mwembesongo, na saluni ndiyo mahali pa mwisho duniani pa kukaa na mdomo uliofungwa. Mteja anakaa kitini, kabla hujamgusa na kitana ameshakumwagia mambo ya jirani yake mpaka rangi ya mashuka. Sasa huyu mama anasuka, anaosha, anapaka dawa, habari yake inamchemka kifuani, naye kaimeza na haisemi.

Alikuwa ameapa kwamba wa kwanza kuisikia awe Wilfred, mumewe. Mnajua kwa nini? Shangazi zake Wilfred walipanda basi kutoka Iringa, kiguu na njia, kuja kumshauri aongeze mke "anayeshika". Wilfred akawachemshia chai kwa mkono wake, akawaambia, "Shangazi, mimi nilimwoa Yuliana. Sikuoa mimba." Wakanywa chai yao, wakarudi kwao. Yuliana aliyasikia maneno yale akiwa nyuma ya pazia la chumbani, na tangu siku hiyo alijiwekea deni la moyoni kwa mumewe. Yeye ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mama yake na wajomba zake wangetaka waletewe habari kabla ya mtu yeyote. Safari hii wangesubiri kidogo.

Shida ni kwamba Wilfred alikuwa nyuma ya mlima. Alifundisha fizikia kwenye sekondari moja upande wa pili wa Uluguru, bondeni kabisa, ambako simu ilishika kwa kubahatisha hata wakati wa neema. Masika ya mwaka huo yalikata barabara, yakauzima na mnara wa simu wenyewe. Barua ingeweza kupita kwa miguu mikononi mwa wachuuzi wa ndizi, lakini barua ya mkononi hufika imeshasomwa na kila mwenye macho. Kusubiri shule zifungwe nako hakukuwezekana, maana tumbo halijui kusubiri, na mteja wake mmoja aitwaye Rehema, mwanamke mwenye macho ya kunguru, alishaanza kumtazama kiunoni.

Ila kulikuwa na redio. Sisemi redio ya kusikiliza taarifa ya habari, nasema redio ya kusema na kujibiwa. Mtu na mkewe walikuwa waendesha redio wa ridhaa, wale wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, bila mshahara. Wilfred alianza kwa sababu ya fizikia yake. Yuliana akafuata kwa ubishi, baada ya mumewe kuteleza ulimi akasema mtihani wake ni mgumu. Akausoma huku anasuka, akaufaulu, akapewa leseni na jina lake la hewani. Kilichobaki ni redio yenyewe, na leseni bila redio ni sawa na kitana bila kichwa. Wilfred alikuwa nayo moja pale shuleni, na kila Jumamosi saa kumi alasiri aliiwasha na kuita, akijua fika kwamba mkewe hana cha kumjibia.

Aliyewafundisha wote wawili ni jirani yao, Mzee Stephano, mhadhiri mstaafu, Mnyamwezi wa Tabora. Hapo sasa. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na utani si mchezo wa kitoto. Mtani anakutukana ukacheka, anakuzulia uongo ukaushukuru, anakuja msibani kwako akakalia kiti cha marehemu na hakuna wa kumwinua. Stephano aliwahi kumshawishi Yuliana kwamba redio ndogo ya saluni husikika vizuri zaidi ukiielekeza Tabora. Wiki nzima kaigeuza uso kuelekea magharibi, wateja wanasikiliza mgongo wake. Tangu hapo kila neno la mzee yule alilipima kwanza kwenye mizani ya utani.

Basi siku moja Stephano akamwita. Alikuwa anahama, anarudi kwao kupumzika.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, wa mlimani. Mimi naondoka, na mtani hahami salama. Ingia ndani ukamate kitu kimoja. Kimoja tu, usije ukanimaliza."

Yuliana hakungoja kuambiwa mara mbili, akaingia. Vyombo vyote vya redio vilikuwa vimepangwa juu ya meza vikisubiri kufungwa. Kulikuwa na redio mbili za mkononi, nzuri, zinakaa kiganjani kama simu. Hizo alizipita bila kugeuka, kwani alikumbuka somo: za mkononi ni za watu wanaoonana, ukiweka mlima katikati zinanyamaza. Mbele yake kulikuwa na redio kubwa nyeusi, ina kioo kipana cha rangi na vitufe vingi ajabu, mzee alikuwa ameiacha imewaka, mawimbi yanapita kwenye kioo buluu na njano. Chini ya meza, ndani ya kreti la soda, lilikuwepo sanduku la kijivu la redio kuukuu lenye vifundo vya kuzungusha, kimoja kimefungwa utepe mweusi. Lilikuwa limekaa pamoja na maiki yake, betri ya gari na bunda la waya uliochakaa, vyote vimekazwa kwa kamba ya katani kama mzigo wa kuni.

Yuliana akaisogelea ile nyeusi. Stephano akakohoa.

"Mtani, chukua la kreti. Hilo ndilo linalokufaa. Ukifika kwako waya wake usiuinue juu, utandaze chini chini kama kamba ya kuanikia nguo. Ninyi watu wa kujificha nyuma ya mlima, mambo ya juu mnayataka ya nini?"

Yuliana akacheka mpaka akashika meza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili la kijivu lilikuwa linatembezwa mchana kweupe. Na waya wa antena uwekwe chini? Hata mtoto wa chekechea anajua antena huwekwa juu, ndiyo maana minara ya simu haijengwi mashimoni. Akaiwekea mkono ile nyeusi, akasema, "Nimekamata." Uso wa Stephano ukasinyaa, akataka kusema neno, akalimeza. Mtani akishika, ameshika. Yuliana akaizima, akaichomoa kwenye nyaya zake, akaifunika khanga, akaita bajaji, akaipakata njia nzima kama mtoto mchanga, na furaha aliyokuwa nayo nashindwa kuielezea. Alijiona ameshaongea na mumewe.

Sasa sikilizeni ujinga wake. Alifika saluni, akaiweka mezani pale panapokaa mafuta ya nywele, akamwita Brenda, binti aliyemsaidia kusuka, aje aone maajabu. Wakatafuta waya wa kuchomeka ukutani. Hakuna. Nyuma kulikuwa na tundu la kuingizia umeme wa betri, na ile betri ilibaki chini ya meza ya Stephano. Wakatafuta maiki. Hakuna, mzee alishaifunga kwenye boksi jingine. Waya wa antena ndiyo usiseme. Alikuwa amekamata kitu kimoja kweli, redio tupu, nzuri, nyamavu. Brenda akauliza kama chaja ya simu haiwezi kusaidia.

Yuliana akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo. Mchagua nazi hupata koroma, na koroma lake lilikuwa na kioo cha rangi. Alilia kidogo, nisiwafiche, halafu akajisemesha kwa hasira. Betri, waya, maiki, redio, vyote vilikuwa kwenye kreti moja. Kreti moja ni kitu kimoja. Mzee alikuwa ameufungasha ukweli mtupu kwa kamba ya katani na kuuweka chini ya meza, akautembeza kwa mdomo wake mwenyewe, na yeye akaudhania utani.

Wangekuwa watu wa kabila jingine, mambo yangeishia hapo. Lakini utani una mlango wa nyuma. Kitu kilichokamatwa na mtani, mwenyewe ana haki ya kukikomboa, na aliyekikamata ana haki ya kutaja ukombozi mpaka mwenye mali atoke jasho. Yuliana alilala na wazo hilo, na asubuhi akaifunika tena ile redio khanga na kuirudisha.

Alimkuta Stephano amekaa juu ya maboksi yake, amejiinamia kama mfiwa. Kumbe ile nyeusi ndiyo iliyokuwa roho yake. Aliiacha mezani kwa sababu kumficha mtani kitu ni aibu, akatumaini Mluguru wake ataufuata ushauri, na Mluguru wake akacheka.

"Umerudi kunichukua na mimi?" akauliza.

"Nimekuja uikomboe redio yako, mpagazi."

Mzee akasimama upesi, utadhani amerudishiwa umri wa ujana. "Taja."

"Kreti lote kama lilivyofungwa, nisione kimepungua hata kipande cha kamba. Uje uufunge waya uani kwangu kwa mkono wako. Na wakati unaufunga, utani uuache hapa nyumbani kwako."

"Nimekubali," akasema Stephano, kabla Yuliana hajafunga mdomo. Alikubali upesi mno, hata Yuliana akajuta kutodai na jokofu.

Mchana ule ule walikuwa uani. Ua wenyewe ni mrefu, mwembamba, unaanzia ukuta wa bafu unaishia kwenye mparachichi ulio mpakani kwa jirani, na nyuma ya yote hayo mlima umesimama na mawingu yake. Stephano akaufunga waya ukutani, akaupeleka mpaka kwenye mti, akaukaza. Ulipita juu kidogo tu ya vichwa vyao. Yuliana akanyoosha mkono, akaugusa.

"Mtani, tulikubaliana utani umebaki nyumbani."

Stephano akaweka koleo chini. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, uso wake haukuwa na hata chembe ya mzaha.

"Ukitaka kurusha mpira uangukie nyuma tu ya ukuta huu mrefu, unaurusha mbele au unaurusha juu?"

Yuliana akafikiri. "Juu. Ukienda mbele unagonga ukuta."

"Basi. Waya ukiwa chini, sauti inarushwa juu moja kwa moja, inagonga anga, inashuka kama mvua pande zote mpaka kwetu Tabora, na nyuma ya mlima ikiwemo. Ukiuinua sana, sauti inakwenda mbali. Utawasalimia watu wa Bara Hindi, na mumeo hapo jirani hakusikii. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mama."

"Mbona siku ile hukusema hivi?"

"Nilisema. Ulishika meza ukacheka."

Walijaribu redio kidogo, likakoroma, likasikika vizuri, na mzee akamwonyesha vifundo vyote kimoja kimoja. Siku mbili baadaye akaondoka na gari lake la mizigo, ile nyeusi ameipakata mwenyewe mbele, hakumwamini dereva.

Ikaja Jumamosi. Toka alfajiri Yuliana alikuwa hashikiki. Alimsuka mteja mmoja njia zikaenda upande, akamfumua, akamsuka upya. Alikuwa ameshapanga maneno yake. Alikumbuka alichofundishwa, kwamba hewani hakuna chumbani, mwenye redio yeyote anasikia. Kwa hiyo angesema tu kwa heshima kwamba barabara ikifunguka Wilfred ashuke, kuna jambo jema la nyumbani. Hilo jambo lenyewe angemwambia akimtazama usoni.

Ilipokaribia saa kumi alibeba kreti mpaka chumba cha nyuma, kinachopakana na ua, akaunganisha betri, akawasha. Redio likanguruma kama mashine ya kusaga. Akageuza kifundo huku, akageuza kule, ngurumo ile ile. Akataka kulia. Halafu akasikia kwamba ngurumo inatoka pande mbili, redioni na saluni, ndipo alipokumbuka draya. Rehema alikuwa amekaa chini yake, kichwa kimejaa rola. Yuliana akaenda akazima swichi kuu ya nyumba.

"Mama, umeme umekatika?" akauliza Rehema.

"Umekatika."

"Mbona feni ya jirani inazunguka?"

Yuliana alikuwa ameshafika chumba cha nyuma. Redio sasa lilitoa mvumo laini tu, mzuri, kama mvua ya mbali kwenye bati. Kupitia dirishani akautazama waya wake, akaona umeanikwa taulo za saluni, zimejaa mwanzo mpaka mwisho, zinachuruzika maji. Brenda alikuwa ameona kamba mpya, imekaa kimo kizuri, akamshukuru Mungu. Wakazianua mbio mbio, msaidizi anaomba radhi, Yuliana anazirusha kwenye beseni. Alirudi kwenye redio akihema, akashika maiki, na kabla hajabonyeza chochote akasikia sauti.

Ilikuwa ya Wilfred, inaita jina lake la hewani, herufi moja moja, kwa utaratibu wake ule ule wa mwalimu wa fizikia. Ilikuwa wazi kama yuko jikoni. Akabonyeza, akajibu, akaachia.

"Yuliana? Ni wewe?" Kisha akajirekebisha upesi, maana mume wake ni mtu wa kanuni. "Nakupata tano tisa, safi kabisa. Narudia, tano tisa. Eleza hali ya huko. Ova."

Hewani "ova" maana yake zamu yako. Yuliana akavuta pumzi aseme yale aliyoyapanga. Mdomo ulipofunguka, mpango wote ukayeyuka.

"Wilfred, nina mimba. Daktari amethibitisha. Ova."

Akaachia kitufe. Mvumo. Akasubiri, mkono kifuani.

"Rudia. Ova."

Akarudia, pole pole, akitenganisha kila neno. Mvumo tena, mrefu kuliko wa kwanza.

"Rudia ujumbe wako. Ova."

Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba, na Yuliana akaona mambo yameharibika. Ni waya. Ni taulo zimeulowesha. Ni utani wa Mnyamwezi, na yeye mjinga kauamini mara ya pili. Alisikia hasira na uchungu vinampanda pamoja, akaishika maiki kwa mikono miwili na kupaza sauti kwa nguvu zake zote: "Nina mimba, Wilfred. Mimba. Una mtoto. Umenisikia?"

Brenda akadondosha beseni la taulo. Mlangoni Rehema alikuwa amesimama na rola zake, mikono kinywani, halafu akaiondoa, akapiga kigelegele kilichokata ua mzima, na ng'ambo ya ukuta mke wa jirani akakijibu bila hata kujua ni cha nini. Ndani ya nusu saa Mwembesongo yote ingekuwa imepata. Siri aliyoimeza wiki zote zile imemtoka mbele ya kila mtu, na yule mmoja aliyewekewa ndiye asiyeisikia.

Mara redio likapasuka kwa sauti nyingine, nzito, karibu kuliko zote.

"Naomba radhi kuingilia. Hapa ni Tabora, kwa redio kubwa nyeusi iliyokombolewa kwa jasho. Huku tumesikia tangu mara ya kwanza. Mluguru ana mimba. Mtoto akiwa wa kike ni mke wangu, akiwa wa kiume atanibebea mizigo. Mwalimu, wewe uko nyuma ya ukuta tu, umeziba nini masikioni? Ova."

Yuliana akaangusha kichwa mezani. Tabora imesikia. Mnyamwezi ndiye wa kwanza. Miaka minane, maneno ya nyuma ya pazia, kiapo, vyote vimekwenda kuangukia uwanjani kwa mtani, na machozi yakamtoka hapo hapo juu ya sanduku la kijivu.

"Mzee Stephano, shikamoo." Ilikuwa sauti ya Wilfred, na safari hii hakukuwa na utaratibu wowote ndani yake. Ilikuwa inatetemeka. "Sijaziba kitu, mzee wangu. Nimesikia. Nimesikia tangu mara ya kwanza, kila neno, kuliko ninavyokusikia wewe." Akanyamaza, ikasikika anavuta kamasi. "Nilikuwa nataka tu aseme tena. Mke wangu, rudia."

Hata "ova" alisahau kusema. Yuliana akajifuta uso kwa taulo mbichi, akabonyeza kitufe, akarudia.